Reli ya Baba Juu ya Ukuta

Harufu ilinikuta nikianika mashuka. Ilikuwa ile harufu nzito, chungu, ya mafuta meusi wanayopaka nguzo ili mchwa wasizile. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, ikapita katikati ya sabuni na nguo mbichi, ikanifika puani, nami nikasimama pale na vibanio vya nguo mdomoni. Mji huu wa Johannesburg una harufu zake: makaa asubuhi za baridi, mafuta ya chipsi, vumbi la vilima vya machimbo linalotuingia mpaka kwenye sufuria mwezi wa nane. Lakini ile ilikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya kambi ya reli ya Kamina, kule Kongo, na mimi nilikuwa Rosettenville, nyuma ya nyumba ya vyumba vya kupanga, mwanamke mwenye wajukuu, na machozi yakaanza kunitoka kama mtu anayekata kitunguu. Hiyo si kawaida yangu. Wanaonijua watawaambieni.

Nilichukua ndoo ya kufulia, nikaigeuza, nikapanda juu yake, nikachungulia. Kwa umri wangu si vizuri kupanda ndoo, na kuchungulia kwa watu si vizuri kwa umri wowote, lakini nilichungulia.

Ukuta unaotugawanya na jirani ni wa mawe ya kahawia, yale ya vilima vya huku kusini mwa mji, na juu yake ni mpana kama meza. Jirani ni mzee wa Kireno, Bwana Duarte, ambaye mke wake alifariki na mtoto wake wa kiume anaishi Cape Town. Alikuwa amevaa kofia ya majani, ana kopo la zeituni lililojaa mafuta yale meusi, na kwa koleo alikuwa anachovya vipande vya mbao, kila kimoja si kikubwa kuliko kidole changu, na kuvipanga juani juu ya ukuta. Pembeni yake kulikuwa na reli. Reli kweli, wenzangu, lakini ndogo, za kuingia mfukoni.

"Treni, mama," aliniambia, bila kushangaa kwamba kichwa changu kimetokea pale.

Mimi nina Kiingereza cha sokoni, yeye ana Kiingereza cha kiwandani, tunaelewana. Akanieleza kwamba treni hiyo aliinunua zamani na hakuwahi kupata nafasi ya kuitandikia njia. Sasa mtoto wake anataka nyumba iuzwe, amemtengea baba yake chumba huko Cape Town, ghorofani. Bwana Duarte amekubali. Ameomba jambo moja tu: amalize kwanza treni yake. Mtoto amesema sawa, maliza, halafu nakuja kukuchukua.

Mjukuu wangu Merveille alitoka kuniita, akaniona juu ya ndoo, akasema "eish, gogo". Nimemwambia mara nyingi kwamba kwetu bibi anaitwa nkambo, lakini amezaliwa hapa na ulimi wake ni wa hapa. Naye akapanda, akatazama, akaniambia kwa Kiingereza cha shuleni kwamba kile ni kitu cha watoto na yule mzee hana kazi ya kufanya.

Angejua nini? Mimi nimefanya kazi kwenye reli ya namna ile. Nililipwa kwa karanga.

Baba yangu alikuwa kapita wa genge la reli. Kapita ni yule anayesimama mbele ya wanaume kumi na kitu wenye mitalimbo, vile vyuma virefu vya kusukumia reli, anaimba, wao wanaitikia, na kwenye neno la kuitikia wote wanasukuma pamoja, na chuma ambacho hakuna mtu angeweza kukitikisa peke yake kinasogea upana wa kidole. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani. Walikuwa wanalala porini kwenye mahema, kilometa nyingi kutoka kambini, na baba alirudi mwisho wa mwezi tu, ananuka mafuta meusi ya mataruma, zile mbao za chini ya reli, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alinishika kwa mkono mmoja, akanirusha begani, nami nikanyoosha mkono nikagusa mbao ya juu ya mlango. Kwa wengine mwisho wa mwezi ulikuwa mshahara na posho. Kwangu mimi ulikuwa mbao ile.

Basi mwaka mmoja, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, baba akaletwa kabla ya mwezi kuisha. Aliletwa amelala chali kwenye kigari cha kusukuma kwa mikono, kile cha kukagulia njia, na wanaume wanne wakamwingiza ndani kama wanabeba kabati. Reli ilikuwa imewaponyoka wakati wa kuibeba. Haikumwangukia, alijaribu kuizuia isimwangukie mwenzake, na mgongo wake ukakataa. Muuguzi wa zahanati ya kambi alimfunga kitambaa kipana kiunoni, akasema asiiname na asibebe hata ndoo ya maji.

Siku chache baadaye akaja shefu, yaani mkubwa wa reli wa sehemu yetu. Alikuwa mtu wa heshima, alivua kofia. Alisema nyumba zile ni za watu wanaofanya kazi kwenye njia. Atangoja mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha na kapita hajarudi kazini, kutakuwa na kapita mwingine, na huyo atahitaji nyumba.

Kila mtu kambini alilijua jambo hilo, hata watoto. Kuanzia hapo mama akawa mwanamke pekee wa Kamina aliyekuwa anaomba mvua isikatike. Wenzake walilalamika nguo hazikauki, yeye anatazama juu na kusema bado kidogo, bado kidogo.

Na mimi? Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi, na sikuelewa maana ya kukosa nyumba. Nilichoelewa ni kwamba baba yupo. Yupo asubuhi, yupo mchana, yupo wakati wa kula. Nilitaka abaki. Pia nilitaka anibebe begani kama zamani, kwa sababu tangu arudi alikuwa hajanigusa ila kwa kunipapasa kichwa, kama padri. Nilitaka yote mawili, na sikuona shida yoyote hapo.

Kukaa kulimuuma kuliko kusimama, kwa hiyo baba alikula amesimama. Meza yake ilikuwa ukuta. Kando ya nyumba yetu kulikuwa na ukuta wa mawe meusi, aliokuwa ameanza kuujenga mpangaji wa kwanza wa nyumba ile kwa mawe yaliyopasuliwa kwenye njia. Alihamishwa kabla hajaumaliza. Upande wa jikoni ulimfika baba kifuani, halafu ukaendelea ukipungua na kupungua kwenda chini, mpaka mwisho wake, karibu na choo, ulikuwa wa kufika gotini. Baba aliweka sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo upande wa jikoni, akala, akamaliza, na mikono yake ikabaki pale juu ya mawe bila kazi. Mama alisema baadaye kwamba hiyo mikono ndiyo iliyomtisha, si mgongo.

Siku moja nikamkuta anapanga vijiti juu ya ukuta. Kesho yake vijiti vilikuwa vimekatwa sawasawa. Halafu akamtuma kaka yangu Monga kwa fundi wa nyaya za simu akaombe waya mnene uliotupwa, na akamtuma kwenye karakana akaombe mafuta meusi kidogo kwenye kopo. Jioni yake uani kwetu kulinuka kama mwisho wa mwezi.

"Baba Monga, uko nafanya nini pale?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Natandika njia," baba alijibu, kama mtu aliyeulizwa kama jua limechomoza.

Genge lilikuwa la watu wawili, Monga na mimi. Mitalimbo ilikuwa miko ya mama, na mama alilalamika kwamba bukari yake inanuka lami, na ilikuwa kweli. Baba alikataa kabisa kusukuma waya kwa mkono. Waya ule ungeweza kusogezwa na mtoto mchanga, lakini yeye alisema chuma kisichoimbiwa hakinyooki. Tulisimama, tukaingiza miko chini ya waya, naye akaimba kwa sauti ya chini, maana mgongo haukumruhusu kuvuta pumzi kubwa, nasi tukaitikia:

"Mzungu wa njia," "sukuma," "hali bukari," "sukuma," "anakula sabuni," "sukuma," "ya manjano," "sukuma."

Hiyo sabuni ya manjano ilikuwa jibini, ambayo wanaume wa genge walikuwa wameiona kwenye chakula cha wazungu na hawakuisahau. Monga alikuwa anacheka mpaka anadondosha mwiko. Kwa kosa hilo alikatwa karanga. Jumamosi tulipanga mstari wa watu wawili na baba akatulipa kwenye viganja, na kama ulichelewa kufika kazini asubuhi, ungekula karanga chache na kujifunza.

Jirani yetu Mzee Banza, aliyekuwa mshika bendera wa stesheni, alikuja kuegemea ukuta na kumtania.

"Kapita, treni yako hii inakwenda wapi?"

"Kwa mama mkwe wako."

"Na abiria ni hawa kuku?"

"Kuku wanalipa nauli ya yai. Wewe utalipa nini?"

Nawaambia, tangu aumie hakuwa amemjibu mtu hivyo. Mama alikuwa anachambua mchele, akainamisha kichwa ndani ya ungo tusimwone anacheka.

Kulikuwa na jambo moja lililotushinda. Watu wa reli huacha pengo dogo kati ya kipande cha chuma na kingine, kwa sababu jua la mchana hukivimbisha chuma, na kikikosa nafasi kinapinda na treni inaanguka. Baba aliyaacha mapengo hayo juu ya ukuta pia. Kwenye kila muunganiko aliingiza ukucha wa kidole gumba kupima, na kama ukucha haukuingia, aling'oa na kuanza upya. Mama alimwambia, huo ni waya, Baba Monga, nani amewahi kuona waya unavimba. Baba akasema waya ni chuma. Basi tulipotengeneza kigari chetu, kwa mkebe wa samaki na yale magurudumu ya mti yanayobaki uzi wa cherehani ukiisha, kikafika kwenye pengo la kwanza na kuanguka kwa kuku. Tukakirudisha, kikaanguka pengo la pili. Mtu mwingine yeyote angeziba mapengo. Baba alitumia siku mbili kuchonga magurudumu makubwa zaidi.

Hivyo ndivyo njia ilivyokwenda. Mvua ikinyesha tunaingia chini ya paa, ikiacha tunatoka, mawe yanafuka mvuke, kopo la lami linanuka, na baba anasogea hatua moja kutoka jikoni kwenda chini. Ukuta ukipungua, naye anashuka nao. Mwanzo alifanya kazi amenyooka kama nguzo. Halafu alianza kuegemeza viwiko. Halafu kiuno kikakunjika kidogo, na jioni alilala chali na mama akamkanda kwa maji ya moto. Tulipopita nusu ya ukuta alikuwa anainama kama mtu anayenawa uso. Mimi niliona ukuta tu na reli. Mama, akiwa pale jikoni na ungo wake, nadhani hakutazama reli hata siku moja.

Msumari ukianguka chini, baba alikuwa hauokoti. Aliita, "Ngoie, msumari." Ngoie ndiyo mimi. Nilikuwa nakuja mbio hata nikiwa mbali, hata nikiwa nacheza na wenzangu barabarani. Sikuwahi kuitwa hivyo na mtu. Monga alikuwa karibu zaidi mara nyingi, lakini baba aliita jina langu, na Monga aliniachia, maana hakupenda kuokota.

Tukafika chini. Kilibaki kipande kimoja, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, pale ukuta ulipokuwa wa kufika gotini. Na hapo kazi ikasimama.

Haikusimama wazi. Kila asubuhi baba alikwenda pale na kopo lake. Siku moja alisema taruma la mwisho limeoza, likatwe jingine. Siku nyingine akasema mawe ya pale yanacheza, tukaleta udongo. Halafu pengo likawa pana mno. Alilipunguza, likawa dogo mno. Alilipanua. Sisi tulikuwa tunataka kuona treni ikipita, na kapita wetu alisema treni haipiti kwenye njia ambayo haijakabidhiwa, hizo ndizo sheria, sisi nani tuzivunje. Monga akachoka, akarudi kwenye mpira wake wa makaratasi. Genge likabaki mimi.

Katika siku hizo niliamka asubuhi mapema, kijivu bado, nikatoka kwenda choo. Baba alikuwa kule chini mwisho wa ukuta, amenipa mgongo. Kuku alikuwa ametaga kwenye majani. Baba aliinama, moja kwa moja mpaka chini, kama mtu anayelima, akaokota yai, akanyooka. Alitazama huku na huku. Kisha akasimama pale na yai mkononi, akilitazama, muda mrefu kuliko yai linavyostahili.

Mchana wa siku ile ile msumari ulianguka kando ya mguu wake. "Ngoie, msumari," aliita.

Nilikwenda nikauokota. Moyoni nilisema, kumbe baba ni mvivu. Wala sikumwambia mtu, kwa sababu nilipenda kuitwa, na nilijua vizuri kabisa kwamba nikisema, sitaitwa tena.

Mvua zikaanza kuwa nyembamba. Zilikuja jioni tu, halafu hazikuja. Mzee Banza akaacha utani. Alipita na bendera zake kwapani akatusalimia kama watu walio na mgonjwa. Kisha siku moja mwanamke tusiyemjua akaja akasimama nje ya uzio wetu. Alikuwa mke wa kapita mmoja wa sehemu ya kaskazini. Hakuwa mbaya, alisalimia. Lakini akiwa anazungumza na mama alikuwa anatazama madirisha, kwanza hili, halafu lile, na nilimwona anayapima kwa macho, kama mtu ambaye tayari ana mapazia.

Alipokwenda, mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, akashuka kutoka jikoni akiufuata ukuta, mkono wake ukipita juu ya reli bila kuigusa. Alifika chini tulipokuwa. Alitazama kile kipande kilichobaki. Akaingiza vidole kwenye mkebe wa misumari, akachukua mmoja, akaunyoosha mbele ya baba, akauachia. Msumari ukaanguka kwenye udongo kati ya miguu yake.

Baba akafungua mdomo kuniita.

"Usimwite mtoto," mama alisema.

Walitazamana. Sijui kama wasomaji wangu mmewahi kuwaona wazazi wenu wakitazamana hivyo, mtoto huwa anatamani kuondoka na hawezi. Kisha baba akainama. Aliinama taratibu, mpaka chini, akauokota, akanyooka, akampa.

"Njia imefika, Baba Monga."

"Kuna pengo moja bado."

"Imefika," mama alisema, safari hii polepole, na akamrudishia msumari mkononi.

Baba aliupigilia palepale. Hakupima kwa ukucha.

Jioni ile treni ilipita. Tuliweka mkebe juu, upande wa jikoni, tukaujaza karanga, mama akiwa shefu wa kupokea njia, Mzee Banza na bendera yake ya kijani ya kweli kabisa. Baba akauachia. Ukuta ulikuwa unateremka, kwa hiyo hakuna aliyeusukuma. Ulikwenda wenyewe, na kwenye kila pengo ukagonga, taka-taka, taka-taka, taka-taka, sauti ile ile ya treni kubwa usiku ukiwa umelala. Hakuna kati yetu aliyekuwa amejua kwamba itatoa sauti hiyo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, ameweka sikio karibu na mawe. Watoto wa kambi walipiga kelele. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mfanyakazi, wao walikuwa watazamaji tu.

Asubuhi yake baba alinikuta mlangoni. Alinishika kwa mkono mmoja, akanirusha begani, nikanyoosha mkono nikaigusa mbao ya juu ya mlango. Nilikuwa nimerefuka kidogo, kiganja chote kilifika. Aliponiweka chini nilitoka mbio barabarani kuwaambia wenzangu kwamba baba amepona, amenibeba, njooni muone. Niliporudi nao alikuwa ameshakwenda stesheni na mfuko wake, na mama alikuwa anafagia pale alipokuwa amesimama.

Mchana nilikwenda kukaa mwisho wa ukuta. Nilikaa karibu na mkebe wa misumari. Nilidhani ataniita.

Baada ya hapo kila kitu kilirudi kilivyokuwa. Tulibaki kwenye nyumba ile. Baba alikuja mwisho wa mwezi, na harufu yake, na vumbi lake, akanibeba mpaka nikawa mkubwa wa kutobebeka. Waya wa ukutani ulishika kutu, mchwa wakaepuka mataruma kama alivyotaka, kuku wakatembea juu yake. Nilikua, nikaolewa Lubumbashi, baba akafariki mimi nikiwa na mtoto mgongoni, na baadaye maisha yakanileta huku. Nimeacha watu na nimeachwa na watu, na wengi sikupata hata nafasi ya kuwaaga. Lakini nikikaa peke yangu na kumtamani baba, simtamani yule wa mwisho wa mwezi. Namtamani yule wa mvua zile, mwenye kitambaa kiunoni, anayekula amesimama.

Miaka yote hiyo nilikuwa na maelezo yangu. Nilisema baba alijenga treni ili kutufurahisha. Nilipokuwa mtu mzima nikajisahihisha: hapana, mjinga wewe, alikuwa anafundisha mgongo wake kuinama, kidogo kidogo, ukuta ukimshusha, ili arudi kazini na sisi tusifukuzwe. Na mimi kwa mikono yangu nilimsaidia kwenda. Hapo nikadhani nimeshaelewa, nikafunga habari.

Kisha juzi, asubuhi, nilikuwa tena uani naanika. Reli ya Bwana Duarte ilikuwa imezunguka karibu ukuta wote. Siku moja kabla tulikuwa tumeitazama treni ikipita, na umeme ukakatika mtaa mzima, treni ikasimama juani na abiria wake wa plastiki, na Merveille akacheka, na mzee naye akacheka. Kilikuwa kimebaki kipande kifupi karibu na geti, pale ukuta unaposhuka. Asubuhi hiyo nilipopanda ndoo nilimwona amepiga magoti juu ya gunia na bisibisi mkononi, anafungua kipande alichokifunga jana yake. Kipande hicho kilikuwa kimenyooka. Mimi ni mtoto wa kapita, najua kilichonyooka. Alikifungua, akakiweka pembeni, akatazama huku na huku, na macho yetu yakakutana.

"Bado kidogo, mama," alisema. "Haiko sawa."

Mimi si mtu wa kusema uongo, hata kwa adabu. Nilitazama ile reli, nikamtazama yeye.

"Naona," nilimwambia. "Haiko sawa hata kidogo. Itachukua muda."

Nilishuka kwenye ndoo nikakaa juu yake, mashuka yakiwa kwenye beseni. Nilimwona baba na lile yai mkononi, kijivu cha asubuhi, mgongo wake mzima kabisa, akitazama huku na huku kama mwizi. Hakuwa mvivu. Na mama kule jikoni, ambaye hakutazama reli hata siku moja, alijua kabla yangu kwamba amepona, akamwacha. Alimwacha siku baada ya siku, mvua zikiisha, nyumba ikiwa karibu kwenda, mpaka alipokuja yule mwanamke wa mapazia na siku zikawa zimekwisha kweli.

Kutoka jikoni mpaka chini, baba aliijenga njia ile kwa ajili ya mgongo wake. Kile kipande cha mwisho, alichokuwa anaking'oa na kukirudisha, ndicho alichonijengea mimi.